Mwethya wa Mzee Muthoka

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, tulipoingia kazini asubuhi tukiwa wafanyakazi na tukatoka jioni tukiwa wanachama. Usicheke bado. Hiyo simu igeuze uso chini, unywe uji ungali moto, nikueleze taratibu. Katelembo haihami, na karakana yako ya madirisha utaikuta pale pale ulipoiacha.

Jana ulinijia hapa Mumbuni umefura, hata salamu ya jirani hukuitikia. Ukaniambia kila serikali huja na sheria yake, na hii ya sasa imekumaliza: bima ya afya imegeuzwa, makato ya nyumba yameletwa, na wewe mwajiri sharti uongezee ya kwako juu ya yale anayokatwa mfanyakazi. Halafu Wambua, fundi wako wa kuchomea vyuma, mkewe amejifungua, naye akaja kuomba wiki zake mbili za kukaa na mtoto. "Mama, yeye ndiye amezaa?" ukaniuliza, na mimi nikauma mdomo nisicheke. Ndipo ukanieleza dawa uliyoipata: kuanzia mwezi ujao huna mfanyakazi hata mmoja. Wote watakuwa kikundi, kila mtu mwanachama, kila mtu ajitafutie bima yake na likizo yake, na Wambua akienda kulea asitarajie kukuta nafasi.

Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. La, baba. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo nilishawahi kuyasikia, yakitoka kinywa kingine, wakati wewe ulikuwa darasa la tatu na dada yako Mutheu alikuwa tumboni mwangu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengine huyaona mara mbili.

Wakati ule nilikuwa nashona sare za shule kwa Mzee Muthoka, karibu na soko la mjini. Ujana wangu ulikuwa unafunga virago, lakini bado haujatoka mlangoni. Tulikuwa mafundi tisa, sketi za marinda huku, kaptura kule, sweta pale nyuma, na Musyoka, bwana mmoja mrefu mpole, akipiga pasi kutwa nzima bila kusema neno. Shule zikikaribia kufunguliwa, mlango ule hujaa wazazi kama vile tunagawa unga wa bure.

Mzee Muthoka hakuwa mtu mbaya. Nataka ulishike hilo, maana hadithi za waajiri mara nyingi huanza na shetani, na mimi sikufanya kazi kwa shetani. Mtu akifiwa, alifunga duka akaja matangani. Mtu akiugua, alimtuma mkewe na matunda. Ila alikuwa mwoga, na woga kwake ulitoka kwa kelele. Ukimsikia anapiga meza asubuhi, ujue usiku hakulala.

Na miezi ile alikuwa hapati usingizi kabisa. Serikali mpya ilikuwa imeingia miaka michache nyuma kwa nyimbo na vigelegele, na sheria za kazi zikawa zimeandikwa upya. Zamani mama akijifungua alipewa miezi miwili, na likizo yake ya mwaka ikamezwa humo humo. Sasa ikawa miezi mitatu, mshahara wake haukatwi, na likizo ya mwaka inabaki yake. Baba wa mtoto naye akapewa siku zake. Kibarua ukimweka mfululizo mwezi mzima, hawi kibarua tena. Na kumfukuza mtu kwa kelele tu kukakatazwa: sharti umketishe, umweleze kosa lake, naye ajibu, akiwa na mwenzake anayemtaka kando yake.

Hayo yote leo wewe unayaona ya kawaida. Siku zile, sokoni, yalikuwa habari za kutisha. Wenye maduka walikutana mlangoni pa hoteli wakitikisa vichwa, mmoja akisema atafunga, mwingine akisema kuanzia sasa ataajiri wanaume tu. Niliwajua wanawake wawili, marafiki zangu wa kanisani, walioambiwa asante na kwaheri kabla hata tumbo halijaonekana vizuri.

Mimi tumbo lilikuwa la miezi mitano. Nilimwambia Mzee Muthoka wiki moja kabla ya Jumatatu hiyo. Akasema, "Ni sawa, Mama Kioko," kisha akaangalia pembeni. Mtu yeyote aliyewahi kutegemea mshahara anajua macho ya mkubwa yakienda pembeni yana maana gani. Baba yako alikuwa akipakia mchanga kwenye malori, kazi ambayo mto ukijaa inakufa. Kilichokuwa hatarini kilikuwa kiti kimoja mbele ya cherehani, lakini nyumba yetu nzima ilikuwa imekikalia. Kikienda, tunarudi kijijini upande wa Masii, wewe unaachishwa shule ya mjini, na mtoto anazaliwa bila kujua atakula nini. Niliogopa, mwanangu. Usiku nilikuwa nikikutazama umelala na kalamu mkononi, nikihesabu siku zilizobaki.

Basi Jumatatu ile tulikuta mandazi. Ukiona mkubwa wako amenunua mandazi Jumatatu asubuhi, jiulize. Tulikula tukiangaliana. Mzee Muthoka akasimama kati ya meza ya kukatia na cherehani za mbele, akajikohoza.

"Watu wangu," akasema, "hii sheria mpya imekuja kuniua. Lakini nimepata akili. Kuanzia leo hapa hakuna mwajiri na hakuna mfanyakazi. Sisi ni mwethya. Kila mtu ni mwanachama. Mwanachama haombi likizo, na mwanachama hafukuzwi. Akitaka kwenda anaenda, na akirudi akipata nafasi, ni bahati yake."

Hayo ya mwisho aliyasema akiangalia tumbo langu, si uso wangu. Nikalirudisha andazi sahanini.

Hapo ngoja kidogo. Nyinyi watoto wa mjini neno mwethya mmelisikia tu kwenye harusi, mkidhani ni watu kuvaa sare na kucheza. Mwethya ni kazi, baba. Ni majirani kukusanyika na majembe leo shambani kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule mjane wa pale chini, mpaka mzunguko uishe na uanze tena. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba anapika, wengine wanachimba. Usipokwenda kwa mwenzako, siku yako utajikuta peke yako na jembe lako. Hivyo ndivyo ardhi hii kavu ya Ukambani ilivyolimwa na sisi tukaishi.

Sasa, Mzee Muthoka alikuwa amesahau jambo moja. Mama yake alikuwa mle ndani.

Susu Kalekye, ndivyo tulivyomwita, yaani nyanya kwa lugha yetu. Kila Jumatatu alikuja kutoka Masii kuchukua dawa za presha, na baada ya kliniki alipita kwa mwanawe akaketi juu ya gunia la vitambaa vilivyobaki, akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye sare zilizoisha. Kukaa bure hakujua. Macho yalikuwa yamepungua nguvu, lakini masikio, mama yangu, masikio yalikuwa ya paka.

"Muthoka," akaita, "umesema mwethya?"

"Ndio, mwaitu." Hivyo ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake, hata akiwa na mvi.

Kikongwe akaweka mkasi chini, akapiga makofi. "Basi Mungu ametukumbuka! Mimi nilidhani huku mjini mmeusahau. Haya, mwenyekiti ni nani?"

Mzee Muthoka akacheka kidogo. "Si ni mimi, mwaitu. Duka ni langu."

"Ai! Mwenye shamba ndiye mwenyekiti? Mwenye shamba anapika. Mwenyekiti anachaguliwa na watu. Chagueni, nyinyi."

Tulitazamana. Kisha fundi mmoja wa sweta, msichana asiyeogopa kitu, akasema, "Musyoka." Mikono ikainuka yote. Musyoka maskini akabaki na pasi hewani, mpaka kaptura ya mtu ikaanza kunuka moshi.

Susu hakuwa amemaliza. Akauliza mwethya wetu utaanzia wapi. Akasema katika kijiji chao ulianzia kwa mwenye nguvu kidogo, mjane, au mgonjwa, au mwanamke aliye mzito, ili yeye akishindwa kutoka siku za mbele, shamba lake liwe tayari limelimwa. Macho yote yakanigeukia. Musyoka akaweka pasi chini, akasema sentensi yake ya kwanza akiwa kiongozi: "Alhamisi, tunaenda kwa Mama Kioko."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Mzee Muthoka alikuwa ameshavua mbele ya mama yake mzazi.  Akatabasamu kama mtu aliyeumwa jino, akasema Alhamisi ni sawa.

Wewe hukumbuki Alhamisi ile kwa sababu ulikuwa shuleni. Walikuja wote hadi kijijini kwa baba yako, na majembe ya kuazima. Shamba letu lilikuwa la mteremko, mitaro yake ya kuzuia udongo imebomoka, na kila mvua ikinyesha udongo ulikuwa unatuaga. Mimi nilikatazwa kushika jembe. Nilipika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, nikatia mbaazi na kitunguu, nikakaa kwenye kigoda nikitazama ajabu ya dunia: mkubwa wangu, na viatu vyake vya ngozi, akiambiwa na mpiga pasi, "Mwanachama Muthoka, wewe chimba upande ule." Watu walicheka, na yeye alicheka. Alichimba kweli, sitamnyima haki yake. Jioni mikono yake ilikuwa na malengelenge, akala sahani mbili.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Musyoka, paa la jiko lake lilikuwa limeng'olewa na upepo. Tukafunga duka tena. Mzee Muthoka alikuwa juu ya paa, misumari mdomoni, simu yake ilipolia mfukoni. Aliyepiga alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja kubwa ya hapa. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wetu uliofungwa, sweta zake hazijatoka, na muhula umeshaanza.

Mzee Muthoka alitema misumari. Akashuka ngazi, akatupa nyundo chini.

"Huu ni wazimu!" akasema. "Nani amesema kazi ifungwe siku ya kazi?"

Musyoka alimjibu kwa upole wake wote. "Ni wewe, mwanachama."

Mwanangu, hakuna aliyecheka safari hii. Tulimwona yule mzee hajui kama atukane au alie. Na mimi nilikuwa najiambia, sasa imekwisha, sasa atatufukuza wote kwa siku moja, na mimi ndiye nitakuwa wa kwanza.

Susu Kalekye alikuwa pale, kwa sababu mwethya haukosi wazee. Alikuwa akichambua mboga na mke wa Musyoka. Hakuinuka. Alimwita mwanawe kwa mkono aje aketi kwenye jiwe karibu naye, na yule mwanamume wa makamo, mwenye duka mjini, akaenda akaketi.

"Muthoka, mwana wakwa," akasema, "umechukua jina la mwethya ukaacha jembe lake. Sheria ya serikali inakudai miezi mitatu ya huyu mama. Sheria ya mwethya inakudai mpaka ufe. Chagua. Kama ni wafanyakazi wako, watunze kama wafanyakazi. Kama ni wenzako, rudi juu ya paa umalize. Lakini ukitaka wakutumikie kama watumishi, halafu siku ya shida uwaambie sisi ni ndugu, kila mtu ajitegemee, hiyo haina jina kwa Kikamba. Na sidhani ina jina kwa Kiingereza."

Mzee Muthoka aliinamisha kichwa. Alipojibu, kelele zote zilikuwa zimemwisha. "Mwaitu, mimi naogopa. Leo serikali hii inasema hivi, kesho ingine itasema vile. Nitafuata ngapi? Kabla sijazoea hii, itabadilika."

Umesikia hilo swali? Ni lako la jana, neno kwa neno. Ndiyo maana sikulala mapema.

Kikongwe alicheka, si kwa dharau. Akasema yeye ameona serikali zaidi ya mwanawe, na akatusimulia jambo ambalo nimeishi nalo tangu siku hiyo. Wakati wa mkoloni, akasema, walilazimishwa kuchimba mitaro kwenye vilima hivi vyetu. Askari wa chifu alikuja na fimbo, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni alichimba sawa na asiye naye. Waliichukia ile mitaro kama walivyomchukia aliyeileta. Siku mkoloni alipoondoka, watu walisema uhuru umekuja, wakaiacha ibomoke, na wengine waliifukia kwa miguu yao wenyewe. "Mimi nilikuwa mmoja wao," akasema, "na nilifurahi sana."

Kisha mvua zikaja. Udongo mwekundu ukateremka mtoni, msimu baada ya msimu, mpaka mahindi yakaanza kuota juu ya mawe. Hapakuwa na askari wa kuwalazimisha sasa. Wanawake walikaa chini, wakaunda mwethya, wakachimba tena, mahali pale pale, wakiimba.

"Mtaro ni ule ule, Muthoka," akasema. "Fimbo ilikuwa mbaya, mtaro haukuwa na kosa. Usiangalie ni nani amesema chimba. Angalia kama udongo unabaki."

Nililia, mwanangu, na si kwa huzuni. Ni kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu tumbo lile lianze, mtu mwingine alikuwa amesema kwa sauti kwamba mimi ni udongo wa shamba lile, si gugu lake. Mke wa Musyoka akanipa kanga nijifute.  Mzee Muthoka akainuka, akaokota nyundo, akapanda juu ya paa na kumaliza upande wake. Siku hiyo alinipita bila kuangalia pembeni. Akaniambia, "Mama Kioko, pole."

Kesho yake asubuhi alikwenda ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi, hapa hapa mjini, mahali ambapo miezi yote ile ya kukosa usingizi hakuwa amekanyaga. Yote aliyoyajua juu ya sheria ile alikuwa ameyasikia mlangoni pa hoteli. Alituletea habari akijicheka mwenyewe. Afisa aliyemkuta, binti mdogo tu, alimsikiliza hadithi ya mwethya mpaka mwisho, kisha akamuuliza: cherehani ni za nani? Kitambaa ananunua nani? Saa ya kuingia na kutoka anapanga nani? Kwa yote jibu lilikuwa mimi, mimi, mimi. "Basi, mzee," binti akamwambia, "hao ni wafanyakazi wako hata ukiwaita malaika. Korti haisomi jina uliloandika mlangoni, inatazama kazi inavyofanyika." Halafu akamkalisha, akamweleza kila kifungu kwa Kiswahili anachokielewa, na hakumtoza chochote.

Sitakudanganya kwamba mambo yakawa mteremko. Mzee Muthoka hakugeuka mtakatifu. Mwaka ule alitaka kununua mashine ya kufuma sweta na hakununua, na alinung'unika mpaka mkewe akamwambia ahamie kwa hiyo mashine. Lakini alituketisha wote akatuambia ukweli: hiki naweza, hiki siwezi mpaka shule zilipe, hiki nisaidieni tukipange. Tukapanga. Likizo za mwaka tukazipeleka miezi ambayo sare hazitoki. Mimi nilipokaribia kujifungua, akamchukua msichana mmoja aliyemaliza chuo cha ufundi, kwa mkataba wenye mwanzo na mwisho ulioandikwa, na akamwazimia cherehani kutoka kwa kina mama wa kanisa. Unajua kwa nini aliazima, na yangu ilikuwa pale?

Kwa sababu Susu Kalekye alikataa iguswe. Nilisimuliwa baadaye. Kila Jumatatu alitoka kliniki, akaliacha gunia lake, akaketi kwenye kiti changu kukata nyuzi. Mtu akija kurundika vitambaa pale, alimwambia, "Kiti hiki kina mtu." Siku nyingine ambazo hakuwapo, aliacha kanga yake imekunjwa juu ya kiti, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Nilirudi miezi mitatu ilipoisha, Mutheu nikiwa nimemwacha na shangazi yako. Ilikuwa Jumatatu. Kikongwe alikuwa amekikalia kiti changu. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akainuka polepole akishika kiuno. "Haya, kaa," akasema. "Nimechoka kukuwekea." Kanga akaiacha pale niikalie.

Mbona nakuambia haya yote? Kwa sababu wale marafiki zangu wawili wa kanisani, walioambiwa kwaheri kule kwingine, baadaye walikuja kwa Mzee Muthoka, na walikuwa mafundi hodari kuliko mimi. Mafundi wazuri walijua ni wapi mfanyakazi habadilishwi jina ili anyimwe haki yake. Mashine ya sweta ilinunuliwa mwaka uliofuata, na ikafuatiwa na nyingine. Na kiti kile, mwanangu, nilikikalia mpaka macho yalipoanza kunisumbua. Kiti kile ndicho kilichokupeleka chuo cha ufundi ukajifunza kuchomea vyuma. Karakana yako ya Katelembo imesimama juu yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Basi nisikilize sasa, nakuambia kama mama na kama mtu aliyekuwa upande ule mwingine wa meza. Serikali zitabadilika. Hii itaondoka, ingine itakuja, na kila moja itataka kuacha alama yake, wakati mwingine kwenye mfuko wako. Usimkasirikie Wambua kwa jambo lililoandikwa bungeni. Sheria mpya ikija, usiisomee sokoni wala kwenye hizo jumbe za simu mnazorushiana. Nenda leba ukaulize, kuuliza si ujinga. Ukishaijua, jiulize swali la Susu: inashika udongo gani? Ukiona inashika, chimba mapema, kabla mvua haijaanza, maana anayechimba mtaro huku maji yanapita anajichosha bure.

Na ukiona haishiki, kwa sababu ziko za namna hiyo, sitakuficha, usijifiche nyuma ya jina la kikundi. Wabunge wakiita watu kutoa maoni, nenda ukaseme, na mafundi wenzako wa jua kali muende pamoja, sauti ya mmoja haivumi. Ikibidi korti, ni korti, wako waliokwenda na wakasikizwa. Lakini mpaka ibadilishwe, ifuate. Na ukipiga hesabu ya dirisha la mteja, weka humo likizo ya fundi aliyelichomea, kama unavyoweka bei ya chuma na ya umeme. Mteja akilia, mweleze. Tena watu wako usiwabadilishie jina usiku wakaamka asubuhi hawajijui. Waketishe, uwaambie hali ilivyo. Utashangaa ni mangapi watu wanaweza kupanga nawe wakijua huwakimbii.

Sasa mpigie Wambua. Mwambie wiki zake mbili ni zake, na mshahara hautakatwa. Pitia sokoni umnunulie mkewe unga na sukari, umwone mtoto, umshike. Na kabla hujatoka kwao, mwambie yale maneno ambayo mimi niliambiwa nikiwa sina nguvu, na leo nayakumbuka kuliko mahubiri yote niliyosikia. Mwambie kiti chake kina mtu.

Mungu wa Susu Kalekye akufunike, baba. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikose mikono. Wanaokutegemea walale usingizi, nawe ulale. Na mvua yoyote itakayonyesha juu ya vilima hivi, inyeshe kwa heri, na udongo wako ubaki.